Haikauki, Inaiva

Sanya Juu,
9 Julai 2023

Mdogo wangu Sifael,

Habari za Mwanza? Loveness na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Asubuhi nikienda kukamua, vidole vinakufa ganzi kabla ndoo haijafika nusu. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Kahawa imeanza kuiva upande wa mferejini, na mvua ya manyunyu haitaki kutupisha tuianike.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema, "Nipo kazini, dada," halafu mtandao unakatika, na unakatika palepale kila siku. Na Baba, tangu macho yamzime, hataki habari za simu. Anasema ya simu inapita, ya barua inasomwa mara mbili. Kwa hiyo ujue chochote utakachoandika nitamsomea kwa sauti, amekaa karibu na jiko na blanketi lake. Ukiwa na neno la kwangu peke yangu, liweke kwenye karatasi yake.

Sasa nisikilize. Usharika walisafisha stoo ya kanisa mwezi uliopita, na unajua walitoa nini nyuma ya mabenchi mabovu? Besi nyeupe. Lile tarumbeta kubwa la faiba waliloleta wageni mwaka sabini na tisa, la kuvaa begani, ambalo sisi watoto tulikuwa tunaliita Konokono. Bendi siku hizi ina besi mbili mpya za shaba, hakuna anayeitaka ile. Mchungaji akasema apelekewe Baba, maana mzee Aminieli aliipiga miaka kumi na saba. Vijana wanne wakaipandisha mpaka nyumbani.

Ufa bado uko palepale chini ya bega, tangu ile Krismasi ya tisini na sita, Baba alipoanguka nayo kwenye ngazi za kanisa. Tangu siku hiyo hakupiga tena, unajua mwenyewe. Lakini juzi alivyoipapasa, Sifael! Aliishika kwenye mapaja mchana mzima. Nikamwekea mafuta ya kupikia kwenye valvu zilizokwama, na ya kwanza ilipofunguka akasema peke yake, taratibu, "Mwaga mate. Anza upya." Nikaenda kulia kwa ng'ombe. Jioni ngapi tulisikia maneno hayo pale chini ya mparachichi, akikufundisha wewe, kila mate yalipojaa bombani?

Jambo lenyewe ni hili. Anataka kuisikia Krismasi hii. Daktari amesema moyo umechoka, akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Wewe ndiye fundi wa faiba. Unaziba maboti na matangi ya watu usiowajua, njoo uzibe ya baba yako. Siku tatu tu. Hajanituma nikuambie, nakuambia mimi.

Dada yako,
Eliaichi


Mwanza,
2 Agosti 2023

Dada Eliaichi, shikamoo. Baba, shikamoo, najua unasikiliza.

Sisi hatujambo. Loveness anawasalimu na anauliza parachichi za nyumbani zikoje mwaka huu. Hongera ya ndama.

Kuja sitaweza. Kuna boti mbili juu ya magogo na sanduku la lori la samaki, wenyewe wanashinda hapa kiwandani wakinihesabia siku. Si mwezi huu, wala sioni ujao. Lakini kazi yenyewe si ngumu, na mikono yako ni mizuri kuliko ya vijana wangu.

Nimempa Shedrack wa basi boksi, atakuachia stendi. Kopo kubwa lenye herufi A ni rezini, dogo lenye B ni hadina yake, ya kuigandisha. Ni epoksi, dawa ya bei mbaya na yenye nguvu kuliko ile ya kwenye matangi. Humo kuna pia kitambaa cha faiba, brashi, msasa, glavu na spiriti.

Fungua skrubu tatu uvue ule mdomo mkubwa, ubaki na mwili. Piga msasa penye ufa mpaka rangi yote itoke, upana wa kiganja kila upande. Uchimbe ufa kidogo kwa ncha ya kisu, uwe kama mfereji mwembamba. Futa kwa spiriti. Kata vitambaa vitatu, kidogo, cha kati, kikubwa. Changanya A vipimo viwili kwa B kimoja, ukoroge dakika tatu bila kuchoka. Paka, bandika kidogo kwanza, lowesha mpaka kitambaa kionekane kama hakipo, bonyeza mapovu yatoke, halafu kinachofuata. Vaa glavu, na madirisha yawe wazi.

Iache ikauke siku mbili. Ukitaka kujua kama tayari, bonyeza kwa kucha ya gumba. Ikiacha alama, bado.

Baba, pole na baridi.

Sifael


Sanya Juu,
27 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Aika, asante kwa boksi, na mwambie Loveness parachichi zimo kwenye mfuko alioubeba Shedrack, azifunike na gazeti. Baba anakula, si haba. Jana alimaliza bakuli zima la mtori akadai ulikuwa na chumvi kidogo, kwa hiyo ujue yuko sawa.

Dawa yako imenitoa jasho. Nilifanya yote kama ulivyoandika, neno kwa neno, Baba akinikumbusha kila hatua maana barua yako ameishaikariri. Ukasema ikauke. Haya, sisi kukausha tunajua. Nikaibeba besi mpaka kwenye kichanja cha kahawa, nikaianika pamoja na kahawa, upepo unapita juu unapita chini. Mchana nikiigeuza kama ninavyogeuza kahawa, jioni nikiifunika turubai. Siku mbili zikapita, nikabonyeza kwa kucha. Kucha ikazama mpaka kwenye nyama! Siku nne, vilevile. Nikasema labda hadina haikutosha. Maziwa yasipoganda si unaongeza kidogo ya yale ya jana? Nikachanganya nyingine, B nikaitia kwa mkono mzuri, nikapaka juu. Mpaka leo ni wiki mbili na inanata kama ulimbo. Kuna manyoya ya kuku yameganda humo. Baba ameacha nyuzi za sweta lake. Anacheka anasema sasa besi imeota malaika.

Mimi sicheki. Miezi minne imebaki, na wewe uko huko unahesabiwa siku na wenye maboti.

Eliaichi

(Karatasi ya pili. Hii sikumsomea.)

Sifael, nilipopiga msasa, chini ya rangi nyeupe nilikuta rangi nyingine nyeupe, ya madirisha. Chini yake kulikuwa na kiraka cha kitambaa. Si cha faiba, ni shati. Kimebandikwa kwa solusheni ya baiskeli, bado inanuka. Pembeni kuna herufi mbili za uzi mwekundu, S.A., zile Mama alizotushonea kwenye nguo za bweni zisiibiwe.

Baba alituambia alianguka kwenye ngazi asubuhi ile ya Krismasi, akielekea kupiga. Sasa mtu akianguka asubuhi, kiraka kilichokauka na kupakwa rangi kimetoka wapi?

Sijamwambia. Nakuuliza wewe.


Mwanza,
8 Oktoba 2023

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na malaria, halafu kazi, halafu mambo. Parachichi zilifika salama, moja tu ilipondeka.

Kosa la dawa ni langu. Mimi huku nimezoea dawa ya matangi, ile hadina yake ni matone. Ukiwa na haraka unaongeza tone, ukiwa na joto unapunguza. Epoksi si hivyo. A na B zinashikana mikono kwa hesabu, viwili kwa kimoja, ukizidisha B, ile iliyozidi inakosa wa kushikana naye na inabaki inanata maisha yake yote. Si kama maziwa, dada. Na kosa la pili pia ni langu, ni neno nililoandika. Nilisema iache ikauke kwa sababu ndivyo tunavyosema mafundi. Lakini epoksi haikauki. Hakuna maji yanayotoka humo, upepo haiujui. Inaiva. Inajitengenezea joto lake ndani kwa ndani, na inataka kufunikwa, inataka kona yenye joto. Wewe ukaianika kwenye baridi ya Agosti juu ya kichanja! Nimecheka mpaka vijana wakaja kuniangalia.

Sasa kwangua yote inayonata, futa kwa spiriti mpaka pawe pakavu, piga msasa, rudia. Nimetuma makopo mengine. Pima kwa chombo kimoja, kijiko kilekile. Changanya kidogo kidogo, usikoroge kopo zima mara moja, itachemka mkononi. Ikishashika, juu utaona utando kama wa mafuta. Uoshe kwa maji ya sabuni kabla ya msasa wa mwisho.

Baba, mwambie dada asiwe na haraka.

Sifael

(Kwako.) Hicho kitambaa king'oe ukitupe. Dawa haitashika juu yake.


Sanya Juu,
29 Oktoba 2023

Mdogo wangu Sifael,

Mvua za vuli zimeanza, migomba imesimama vizuri. Ndama amekuwa mtundu, ameshakula kanga yangu moja. Pole kwa malaria, kama ilikuwa malaria.

Nilipomsomea Baba pale ulipoandika haikauki, inaiva, alipiga paja lake. "Sasa si angesema! Kama inaiva, tuivundike." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Akaniamuru nifagie ile kona nyuma ya ukuta wa jiko, pale Mama alipokuwa akivundika ndizi, unapakumbuka? Ukuta una joto muda wote kwa sababu moto uko upande wa pili, na moshi haufiki. Nimekaa miaka tisa bila kuigusa kona ile. Naweka kuni tu.

Basi nikapaka dawa, safari hii kwa kijiko kilekile, Baba akihesabu kwa sauti. Nikakosa mara moja tu. Nilichanganya nyingi kwenye kikombe kile cha plastiki cha kijani, nikaenda kumfukuza ndama, nikarudi nakuta kikombe kinafuka moshi na brashi imesimama humo peke yake. Kikombe kimekufa, pole yake, tulikinywea uji sote wawili. Nikachanganya nyingine kidogo kidogo.

Halafu tukaivundika. Chini tandiko la majani makavu ya mgomba, juu yake besi imezungushiwa nailoni, katikati chupa mbili za maji moto, majani tena, blanketi la Baba juu. Ndiyo, blanketi lake mwenyewe, alilitoa akakaa na koti. Kila nikibadilisha maji alikuwa ananiuliza kama nanusa kitu. Nikamwambia epoksi haina harufu ya ndizi kisukari. "Nusa tu," akasema. "Mama yenu alikuwa anajua kwa pua."

Nikapiga magoti pale, Sifael, nikaingiza mkono kwenye majani, na kulikuwa na joto. Nikawa na miaka minane. Mama yupo nyuma yangu ananiambia nisifunue, ukifunua mara mbili zinaiva vipande vipande, na wewe unalia unataka hata moja iliyoiva nusu. Nilitamani kukaa pale mpaka kesho. Sikujua kwamba mahali pamoja pa nyumba yetu pamekaa vilevile muda wote huu, na mimi nimepafunika kwa kuni.

Siku ya tatu tukafunua. Kucha haikuacha alama. Baba naye akabonyeza, akasema, "Imeiva." Nimeosha kwa sabuni, nimepiga msasa, nimepaka rangi nyeupe kama maziwa. Bega lake liko laini, ila ukipitisha kidole unasikia kiraka kimeinuka kidogo.

Kijana mmoja wa bendi alikuja Jumamosi akaipuliza. Sauti ipo! Kuku wote walikimbilia kwenye kahawa. Baba akamwacha amalize, akamshukuru, akampa chai. Alipoondoka akasema, "Ile sauti ya chini kabisa hawezi. Sifael alikuwa anaishika."

Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza chumvi.

Eliaichi

(Karatasi ya pili.)

Kitambaa nimeking'oa. Kukitupa sijakitupa. Kiko kwenye kitabu cha nyimbo cha Mama.

Umenifundisha kwamba dawa haikauki. Lakini wewe, mdogo wangu, umekausha kweli kweli. Nimekuuliza swali moja tangu Agosti.


Mwanza,
19 Novemba 2023

Baba, shikamoo. Dada, shikamoo.

Nimefurahi sana kusikia besi imeiva. Hiyo ya majani ya mgomba nimewaambia vijana wa kiwandani, mmoja anauliza kama ni lazima yawe ya Kilimanjaro. Hongereni kwa mvua. Huku ziwa limechafuka, kazi zimepungua kidogo. Loveness na watoto wanawasalimu. Baba, nakuombea afya.

Sifael

(Karatasi ya pili. Dada, hii ni yako peke yako.)

Baba hakuanguka kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyeanguka.

Ilikuwa Jumamosi kabla ya Krismasi, tarehe ishirini na moja. Nilikuwa nimerudi likizo, kidato cha tatu, najiona mkubwa. Baba na Mama walikwenda msibani, wewe ulikuwa kwa shangazi. Nikaitungua besi kwenye msumari wake sebuleni nikapanda nayo baiskeli, nataka kushuka sokoni Sanya Juu niwapigie wenzangu waone. Wala sikufika. Kwenye ule mteremko wa darajani, breki zikakataa. Mimi niliumia goti tu. Ilipopiga jiwe ilitoa mlio, dada. Nausikia mpaka leo nikiwa napiga msasa boti la mtu.

Nikairudisha kwa miguu kupitia vihamba vya watu, katikati ya migomba, ili nisionekane. Nikachana mkia wa shati langu la shule, nikatia solusheni ya kuzibia matairi, nikapaka rangi iliyobaki ya madirisha. Nikaitundika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilifikiri rangi ikikauka mambo yamekwisha.

Siku ya Krismasi ulikuwepo. Kanisa limejaa mpaka nje, watu wote wamerudi kutoka Dar na Nairobi na suti zao. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, nikaanza kupumua. Wa pili, pale besi inaposhuka yenyewe, kiraka kikaachia. Sauti ikatoka kama ya ndama aliyebanwa mlangoni. Watu wakacheka, hata watu wazima. Baba akaivua, akailaza sakafuni polepole, akasimama akaimba ubeti uliobaki kwa mdomo. Nilikuwa kwenye mlango wa sakristia. Wazee wa kanisa wakamwuliza kimetokea nini, akasema asubuhi aliteleza nayo kwenye ngazi. Wakamwambia, mzee Aminieli, sasa pumzika, tuwaachie vijana. Na mimi nikasimama pale, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na saba.

Unadhani kazi hii nimeiangukia? Nilipofika Mwanza kulikuwa na nafasi ya karani kwenye kiwanda cha samaki, na kulikuwa na karakana ya faiba inayonuka kuua. Nikachagua karakana. Nilikuwa na mpango kwamba nikishajua vizuri nitarudi niitengeneze kabla hajajua. Nilipojua vizuri, nikaona aibu imekuwa kubwa kuliko ufa. Tulipomzika Mama bendi ilikuja bila besi, unakumbuka? Wimbo ulikuwa hauna chini. Baba akageuza uso upande wangu. Niliondoka kabla ya chakula, nikakuambia kuna mteja.

Nakosa kila kitu cha huko. Baridi, manyunyu, kiburu cha ndizi na maharage cha asubuhi, hata sauti yako unaponigombeza. Ila nikifikiria kuingia pale sebuleni na ule msumari ukutani, natafuta boti jingine la kuziba.

Usimsomee.


Sanya Juu,
3 Desemba 2023

Sifael,

Hatujambo. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, tumewasha mshumaa mmoja.

Sikumsomea. Neno langu nimelishika. Nilimsomea karatasi ya kwanza, nikakunja. Akauliza, "Ya pili je?" Nikamwambia ni moja tu. "Nimesikia mbili. Tangu Agosti nasikia mbili." Nikasema ni salamu za Loveness za mambo ya wanawake. Akasema salamu za mambo ya wanawake hazimfanyi mtu apumue hivyo, kisha akaniambia nichukue kalamu niandike kama anavyotamka, nisirembe. Naandika.

"Mwambie Sifael kwamba shati lilikuwa lake, lakini sindano ilikuwa ya mama yake. Alilikuta kwenye kufua halina mkia, siku mbili kabla ya Krismasi. Hakuuliza. Alipinda, akashona, akalirudisha kwenye sanduku la bweni, halafu akaja akaniambia nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Nikaenda kuiangalia besi. Rangi ilikuwa bado mbichi, imenishika kidole. Nikasubiri aje aseme, siku hiyo na ya pili yake. Hakusema. Ningeweza kuazima besi ya usharika wa jirani. Sikuazima. Nilikiona kiraka nikapanda nacho kanisani hivyo hivyo, kwa sababu kilikuwa cha mwanangu na nilitaka kishike. Mwambie kilishika ubeti mmoja mzima."

Hapo akajivutia blanketi mabegani. Halafu akaongeza kwamba alipogeuza uso kwako siku ya kumzika Mama, alikuwa anatafuta ulipo. Macho yalikuwa yameanza kumzima, na alikuwa hajamwambia mtu.

Amesema nisikuombe uje. Basi sikuombi. Besi iko kwenye msumari wake.

Eliaichi


Mwanza,
14 Januari 2024

Dada Eliaichi, shikamoo. Baba, shikamoo.

Leo karatasi ni moja. Dada, isome yote.

Tulifika Mwanza salama, basi lilichelewa Singida kidogo tu. Watoto bado wanabishana nani alimlisha ndama zaidi. Loveness ndizi alizobeba amezivundika kwenye ndoo na blanketi juu, na amenikataza kufunua. Nyumba nzima inanukia kisukari, nami nazunguka hapa kama mtoto.

Siku ya kuondoka uliniuliza Baba aliniambia nini ile asubuhi ya Krismasi nje, wewe ukiwa jikoni unapakua kiburu. Uliniuliza mara mbili, nikapanda basi bila kujibu. Sikuwa nakausha, dada. Ningeanza, ningelia mbele ya abiria wote. Sasa najibu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mparachichi, amevaa ile suti ya kahawia na kofia ya sufi. Nikamsaidia kuishika besi. Akaipapasa mpaka chini ya bega, akapata pale kiraka kilipoinuka, akabonyeza kwa kucha ya gumba. Akabonyeza tena, kwa nguvu. "Dada yako ni fundi," akasema. Kisha akanisukumia mimi.

Njia nzima kutoka Mwanza nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha. Nilikuwa nayo mazuri, nimeyafanyia mazoezi mpaka kondakta akaniuliza kama mimi ni mwinjilisti. Pale chini ya mti sikupata hata moja. Nikaivaa besi ili nisionekane uso, nikasahau kwamba haoni. Nikapuliza ile ya chini kabisa. Ikatoka hewa tu na maji yakigugumia ndani. Nikapuliza tena. Machozi yalikuwa yanaingia mpaka kwenye mdomo wa shaba, nikawa mtu wa miaka arobaini na nne anayelia ndani ya tarumbeta. Nikaanza kusema, "Baba, mimi..."

Akainua mkono, vilevile alivyokuwa akiinua tukikosea.

"Mwaga mate, Sifael," akasema. "Anza upya."

Nikamwaga, nikaanza. Yaliyobaki uliyasikia mwenyewe jikoni.

Mdogo wako,
Sifael